Mwosha wa Kibokoni na siri ya vidole gumba

Saa tatu asubuhi, Mejumaa Chonga ameketi kwenye busati sebuleni mwake Kibokoni, Mombasa, akivunja kafuri kwa mgongo wa kijiko. Mbele yake pana bunda la pamba, mkasi, na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Nje muuza mboga anapita akiita. Ndani redio inasoma bei ya mafuta na hakuna anayeisikiliza.

Anachana pamba, anaiviringisha, anaiweka kando. Anachana nyingine. Vidole vyake havina haraka, na maneno yake pia.

Bi Mejumaa, mwenye umri wa miaka 61, ni mwosha maiti. Amezoea kuwaona wageni wakisita kabla ya kumpa mkono, kisha mkono ule ukifichwa mfukoni hadi mazungumzo yaishe.

"Watu hunipenda wakishakufa," asema, akicheka mpaka mabega yanatikisika. "Wakiwa hai hunipungia kwa mbali."

Mumewe, Mzee Ngowa Tsuma, aliyestaafu kazi ya kupakua mizigo gati la Mbaraki, anadakia kutoka kwenye kiti chake cha dirishani. "Mimi n'nala chakula cha mkono huo tangu nimwoe. Mbona sijafa?"

"Bado," mkewe anamjibu bila kuinua kichwa.

Ndivyo walivyo hawa wawili. Mauti yamekuwa mgeni wa kila siku nyumbani mwao, na mgeni wa kila siku hutaniwa.

Kuosha kwenyewe hakumpi mshahara. Bi Mejumaa anasema ni ibada, na ibada haiuzwi. Wafiwa humpa kanga au sabuni, na wenye uwezo humtilia chochote kwenye bahasha. Riziki yake hasa ni kuuza vitu vya mazishi: pamba, kafuri, udi, na majani makavu ya mkunazi ya kutia kwenye maji ya kuoshea. Wiki ikiwa nzuri hupata kama shilingi elfu tatu.

"Na wiki ikiwa mbaya, nisemeje? Niombe watu wafe?" auliza. "Nanyamaza. Twala muhogo."

Kazi hii ina sharti moja kubwa, na kila mwosha huapishwa kwa sharti hilo kabla hajakabidhiwa hata kopo la maji. Alichokiona kwenye mwili wa maiti hakitoki chumbani. Kovu, uvimbe, alama, kilema, vyote huzikwa na mwenyewe. Maiti hawezi kujisitiri, basi mwosha ndiye nguo yake.

Bi Mejumaa amelishika sharti hilo miaka yote, na mitaa yote ya Mji wa Kale inamwamini kwa sababu hiyo. Mwaka jana, sharti hilo hilo lilimkosesha usingizi na kumkondesha, kwa sababu aliogopa kwamba akiendelea kulishika, msichana mmoja atakufa.

Msichana huyo ni Mwanaesha, mwenye umri wa miaka 24, mkaazi wa Kuze. Ni yeye aliyetaka habari hii iandikwe. Jina la marehemu mamake halitatajwa hapa. Bi Mejumaa alikataa katakata, na Mwanaesha akakubaliana naye.

Ilianza mwezi wa Rajabu, siku alipofariki nyanyake Mwanaesha, mama mzaa baba, aliyemlea tangu akiwa mtoto mchanga. Bi Mejumaa aliitwa. Akatandika, akafunga pazia, akajaribu maji kwa kiwiko kama yanavyojaribiwa maji ya mtoto anayeogeshwa. Kisha akauliza, kama kawaida, nani katika wanawake wa nyumba atamsaidia kumimina maji.

Mwanaesha akajitokeza, mikono ya gauni lake la dira ameshaipandisha. Miaka miwili ya mwisho ni yeye aliyemlisha bikizee yule, akamgeuza kitandani, akamsuka nywele.

Shangazi yake akamshika bega. "Wewe la, mwanangu," akamwambia. "Una kuvu. Usimguse nyanyako."

Aliyasema kwa sauti ya chini na kwa huruma, na ndiyo maana yalichoma zaidi. Mwanaesha alimpa Bi Mejumaa kopo alilokuwa amelishika, akageuka kutoka.

Katika kulipokea kopo, Bi Mejumaa akaviona vidole gumba vyake.

Siku za maradhi hakuna aliyekuwa na wasaa wa kupaka hina, kwa hivyo kucha zilikuwa wazi. Kwenye vidole gumba zilikuwa karibu hazipo: kijipande huku, kijipande kule, na katikati ngozi tupu. Kidole cha pili kilikuwa na ukucha mfupi, mwembamba, umepasuka kati. Cha tatu afadhali. Cha nne afadhali zaidi. Kidole cha mwisho kilikuwa na ukucha mzuri kama wa mtu yeyote. Na mkono wa kushoto ulikuwa vivyo hivyo.

"Vidole vile nilikuwa nshavishika," akumbuka Bi Mejumaa. "Nyumba hiyo hiyo, chumba hicho hicho."

Ilikuwa kama miaka ishirini na mitatu kabla ya siku hiyo. Wakati huo Bi Mejumaa ndiyo kwanza anajifunza kazi kwa marehemu Bi Mwanakombo, mwosha aliyejulikana Kibokoni nzima kwa ukali wake. Maiti alikuwa mwanamke kijana, ameacha kitoto cha miezi mitatu. Alikuwa mtu wa Pemba, yatima, aliyeolewa Mombasa bila ndugu hata mmoja.

Mwanagenzi hupewa kazi ndogo. Bi Mwanakombo alimkabidhi kijiti kilichozungushiwa pamba, asafishe chini ya kucha za marehemu.

"Nikatafuta ukucha, sikuuona," asema. "Nikadhani labda nimeshika kidole vibaya. Nikashika cha upande wa pili, nacho vivyo hivyo. Tulipotaka kuinyosha mikono, viwiko vikakataa. Tulivimiminia maji ya moto, vikakataa. Bi Mwanakombo akaniambia, 'Muache alivyo, usimlazimishe.' Na miguu ilikuwa imevimba, maskini, hata kisigino hukijui kilipo."

Nyuma ya pazia alisimama mama mkwe, huyu huyu aliyekuja kufariki mwezi wa Rajabu. Aliwaambia kwa kunong'ona kwamba ile ni kuvu. Mtoto, alisema, tayari ameambukizwa na mamake, vidole vyake viko hivyo hivyo. Akawaomba wazifunike kucha kwa pamba, na neno hilo lisitoke, mtoto asije akakua akamlaumu maiti.

Wakamkubalia.

Hivyo ndivyo mapenzi yalivyoifukia habari ambayo mtoto angeihitaji kuliko urithi wowote. Bikizee aliamini mkwewe alimwambukiza mwanawe, akaona aibu kwa niaba yake, akanyamaza. Mejumaa naye aliamini hivyo hivyo, akanyamaza. Na alipokufa bikizee, akabaki mtu mmoja tu duniani aliyezijua kucha za mama na kucha za mtoto.

"Siku ile nilimwosha nyanyake huku mawazo hayako hapo," Bi Mejumaa akiri. "Najiuliza, hino ni kuvu gani? Kuvu naijua mimi. Wazee wengi ninaowaosha wanayo miguuni. Ukucha huwa mnene, manjano, wamumunyika, na chini yake mna unga unga. Kidole hiki kigonjwa, jirani yake mzima, kisha cha tatu kigonjwa. Haina mpango. Hizi za mtoto zina mpango, mkono huu na huu sawasawa. Na tangu akiwa wa miezi mitatu hazijasogea popote. Sikujua ni nini. Nilijua tu kwamba tulivyodhani sivyo."

Mwanaesha hajui maisha yasiyo na kucha hizo. Anasimulia akiwa amekaa ukingoni mwa busati, akimsaidia Bi Mejumaa kuviringisha pamba.

Kila Alhamisi jioni nyanyake alimpaka hina vidoleni, nzito, hadi ikawa nyeusi. Majirani walimsifu mtoto kwa kupendeza. Hawakujua hina ile ilikuwa pazia. Nyanya aliamini pia kwamba hina inakausha kuvu, kwa hivyo ilikuwa pambo, dawa na maficho kwa pamoja.

Shuleni aliandika amekunja kidole gumba ndani ya ngumi. Alipowaamkia wakubwa alibusu mikono yao huku vidole gumba vyake amevificha viganjani. "Watu walidhani nina adabu sana," asema. "Kumbe nilikuwa naficha."

Dawa alizojaribu ni nyingi. Siki. Ndimu. Kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa usiku kucha hadi ngozi ikababuka. Vidonge vya kuvu kutoka duka la dawa, mara tatu, kila mara wiki kadhaa, bila kupimwa chochote. Kucha hazikubadilika hata kidogo, na kila dawa iliposhindwa, nyumbani walisema kuvu hiyo ni sugu.

Alipomaliza shule alipata kazi ya kukaanga mihogo na viazi karai kwenye kibanda kimoja kule bustani ya Mama Ngina. Aliipenda. Jioni watu hujaa ufukoni, watoto hulilia pilipili ambayo hawaiwezi, na mwenzake, Mercy, alikuwa hodari wa kuwachekesha wateja. Siku moja mteja akamwona akikata ndimu. Akauliza kucha zina nini. Mwanaesha akakunja vidole. Kufikia mwisho wa wiki mwenye kibanda akamwomba, kwa upole, apumzike hadi apone.

"Nipone nini?" auliza Mwanaesha. "Mimi nilikuwa siumwi."

Mercy ndiye aliyemsukuma aende kwa daktari wa ngozi. Dkt. Lubaba Zoher, mwenye kliniki ndogo mjini, alimkata kijipande cha ukucha akakipeleka maabara. Majibu yakarudi: hakuna kuvu. Akamwuliza kama kuna mtu yeyote katika ukoo mwenye kucha za namna hiyo. Mwanaesha akasema hakuna. Daktari akamtaka arudi kwa vipimo zaidi, na ikiwezekana aje na mtu wa upande wa mamake.

Mtu wa upande wa mamake hakuwapo. Kisha nyanya akazidiwa, na safari ya daktari ikasahauliwa. Shangazi, ambaye wakati mama mtu anafariki alikuwa ameolewa Tanga na hakuwahi kumwona vizuri wifi yake, alikuwa na msimamo wake. "Vipimo hukosea," alisema, akionyesha macho yake. "Mato yangu hayakosei." Akaenda kununua vidonge vingine.

Baada ya mazishi, Bi Mejumaa alirudi nyumbani akiwa na mzigo. Alimwambia mumewe kichwa kinauma. Kesho yake tumbo. Wali ukawa unarudi jikoni kama ulivyotoka.

"Nilidhani amepata mume mwingine," asema Mzee Ngowa. "Mwanamke akiacha kula pilau, jua kuna neno."

Hakuweza kumwambia hata yeye. Siri ya maiti haina mume wala jirani. Na hii ilikuwa na ncha mbili, kwa sababu aliyeomba isitoke naye alikuwa ameondoka karibuni, hajatimiza hata arobaini kaburini. Ilikuwa vigumu kumwosha mtu leo na kumvunjia ahadi kesho.

Ilipofika khitma ya arobaini, Bi Mejumaa alikwenda Kuze pamoja na wanawake wengine. Mwanaesha alikuwa akigawa chai. Alipopita mbele yake, Bi Mejumaa akatazama chini, akaona kanda za viatu zimeacha mifereji miguuni. Miguu ilikuwa imevimba.

"Miguu ile nayo nilikuwa nshaiona," asema taratibu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mkono wake unasimama juu ya pamba. "Hapo ndipo nilipoogopa. Kucha ni kucha, mtu hafi kwa kucha. Lakini miguu ile niliiosha mimi."

Hakumaliza hata chai. Alikwenda moja kwa moja kwa maalimu wa msikiti wa karibu, akamweleza bila kutaja jina la mtu wala nyumba. Maalimu akamwuliza swali moja tu: siri ile ikifunguliwa, itamdhuru maiti au itamfaa aliye hai? Akajibu itamfaa aliye hai. Basi mwambie huyo aliye hai, akaambiwa, na usimwambie mwingine.

Siku ya pili akamwita Mwanaesha nyumbani. Mzee Ngowa akatumwa kahawa, ingawa alikuwa ameshakunywa.

"Ndoo ukae hapa, mwanangu," Bi Mejumaa akamwambia, akipapasa busati kando yake. "Nipe mikono."

Mwanaesha akaitoa, vidole gumba amevikunja.

"La. Yote."

Mwanaesha akavifungua, akatazama pembeni. Akasubiri kuulizwa kama lile swali la Mama Ngina. Badala yake akamsikia mwanamke yule mtu mzima akilia.

"Mikono hii si mara yangu ya kwanza kuishika," akaambiwa. "Mamako alikuwa nayo."

"Mamangu alikuwa na kuvu?"

"Sidhani ilikuwa kuvu, mwanangu. Yake wala yako. Nadhani ndivyo mlivyoumbwa."

Mwanaesha anasema hakuelewa mara moja. Aliuliza mara ya pili, na ya tatu. Hivi hivi? Hivi hivi. Hata hiki cha kulia kilichopasuka upande mmoja? Hata hicho. Na kiwiko, Bi Mejumaa akamwuliza, chanyoka? Mwanaesha akanyosha mkono. Haukunyoka wote. Haujawahi kunyoka wote, na yeye alidhani watu wote wako hivyo.

Wakakaa wameshikana mikono, mtu na mwenzake, wote wawili wenye mikono inayoogopwa, hadi Mzee Ngowa aliporudi akabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe.

"Nina picha moja tu ya mamangu," asema Mwanaesha. "Yumo ndani ya buibui, mikono haionekani. Kila mtu husema nimefanana na babangu, na babangu naye alifariki nikiwa mdogo. Nilikuwa najiuliza, kwani mamangu hakuniachia chochote? Kumbe kipo. Nilikuwa nakipaka siki."

Wiki hiyo hiyo, kwa ombi la Mwanaesha, walikwenda wote wawili kwa Dkt. Lubaba. Daktari anasema alifurahi kumwona, na akafurahi zaidi kumwona amekuja na shahidi.

"Lile lilikuwa jibu nililolikosa," asema. "Nilishuku, lakini mtu akikwambia katika ukoo hakuna, na yeye mwenyewe hajui, unabaki na nusu ya habari."

Alimwonyesha Mwanaesha kile kiduara cheupe kilicho kwenye shina la ukucha. Kwa watu wengi kimepinda kama mwezi mwandamo. Kwake, kwenye kidole cha pili, kimechongoka kama ncha ya mkuki. Akamshika magoti, akakuta vifuu vya magoti ni vidogo, vimekaa kando kidogo. Kucha, viwiko, magoti: vitu vitatu vilivyoonekana kila kimoja na lake, kumbe ni watoto wa tumbo moja. Ni hali ya kurithi. Haiambukizi kwa mkono, kwa chakula, wala kwa maji ya kuoshea maiti.

"Kuvu humpata mtu njiani, mara nyingi ukubwani, na mara nyingi huanzia miguuni," aeleza. "Humla ukucha mmoja mmoja, ukawa mnene na kubadilika rangi. Ya kurithi mtu huja nayo. Kama huyu, vidole gumba ndivyo vimepata zaidi, kisha hupungua hadi cha mwisho, na mikono yote miwili inafanana. Lakini asije mtu akasoma gazeti akajitibu kwa macho. Hata ukucha wa kurithi unaweza kupata kuvu juu yake. Kinachokata maneno ni kupima."

Kilichomtia wasiwasi daktari hakikuwa kwenye vidole. Hali hii, kwa baadhi ya watu, hugusa figo kimyakimya. Mkojo wa Mwanaesha ulipopimwa ulikuwa na protini, na shinikizo la damu lilikuwa limepanda. Vidonge vya kuvu, ambavyo vingeweza kulichosha ini bila faida yoyote, vilitupwa siku hiyo hiyo. Akapewa dawa ya kuzilinda figo, na akapelekwa kwa daktari wa figo anayemwona hadi leo.

Je, ni figo zilizomuua mamake? Dkt. Lubaba anakataa kujibu. "Marehemu hatuwezi kumpima," asema. "Aliye hai tunaweza. Tumempata mapema, na mapema ndiyo kila kitu. Siku akitaka kuzaa, atuambie kabla, tutakuwa naye."

Miguu ya Mwanaesha imeshuka. Viatu vyake vinamkaa.

Shangazi alikuja Kibokoni peke yake baada ya Idi, na sahani ya mkate wa sinia imefunikwa kitambaa. Alikaa pale alipokaa mpwawe.

"Nilimnyima mtoto kumwosha nyanyake," akasema. "Na yeye ndiye aliyemuuguza. Nitamwambia nini mamangu siku ya siku?"

"Ulikuwa wamlinda mamako," Bi Mejumaa akamjibu. "Sote tulikuwa twamlinda mtu. Lakini dada yangu, hata ingekuwa kuvu kweli, glavu zipo. Mtoto angemimina maji."

Shangazi akalia, wakala mkate.

Kosa lile halirudishiki, na hakuna anayejifanya linarudishika. Nyanya aliyemlea Mwanaesha aliondoka bila maji ya mkono wake. Mwanaesha akilitaja, Bi Mejumaa humsukumia pamba zaidi ili mikono iwe na kazi.

Hata hivyo jioni utamkuta tena Mama Ngina, mbele ya karai. Mwenye kibanda aliletewa barua ya daktari, akaisoma, akaona haya, akamrudisha. Siku mwandishi alipopita, mama mmoja aliyekuja na wanawe wawili alimtazama Mwanaesha akikata muhogo, kisha akainama sikioni mwake.

"Samahani, dada. Hizo kucha zina nini?"

Mwanaesha hakukunja vidole. "Ni za mamangu," akasema, akamuuliza kama atie pilipili nyingi au kidogo.

Asubuhi za Jumamosi huja Kibokoni. Anajifunza kukata sanda, kupima kafuri, kukunja kitambaa bila kukivuta. Bado hajaosha maiti. Bi Mejumaa anasema wakati wake utafika, naye hatamharakisha, maana moyo nao hufundishwa.

Waosha wamepungua, asema. Mabinti wengi wanaogopa, na wanaoposa wanaogopa zaidi. Amekuwa akitafuta mtu wa kumwachia kazi kwa miaka, akamkosa. Wahenga walishasema, mwosha huoshwa, na yeye ameanza kuhesabu ni nani katika mtaa atakayemwosha yeye, amsitiri kama alivyowasitiri wenzake.

Mwanaesha anainuka kuondoka, mafuta ya karai yanamsubiri. Anamwinamia Bi Mejumaa, anaushika ule mkono ambao wageni husita kuushika, anaubusu. Vidole gumba vyake viko nje, vyote viwili, juu ya mkono wa mwosha.

"Nshamwambia," asema Bi Mejumaa, akimtazama akivaa viatu mlangoni. "Siku yangu ikifika, wengine na wamimine maji. Kucha zangu anisafishe yeye. Na glavu asivae."